Kuanzisha Voliboli Shule ya Msingi Dar es Salaam: Kamba Moja, Viwanja Vinne

Kila muhula unapofunguliwa walimu wa shule za msingi hapa Dar huniuliza maswali yaleyale. Shule yetu haina uwanja wa voliboli, tuanzie wapi? Mipira miwili inatosha watoto arobaini? Mimi mwenyewe sijawahi kucheza, nitaweza kufundisha? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mwalimu anaweza kuufuata bila kusubiri semina.

Kabla ya yote, shika jambo moja: hesabu ni mara ngapi kila mtoto anagusa mpira. Mazoezi ninayoyakuta shule nyingi ni wavu mmoja umefungwa juu, watoto 12 ndani, 30 wamepanga foleni kando, mpira mmoja. Anayesevu, yaani anayeanzisha mpira, anautoa nje, mpira unakimbizwa hadi kwenye uzio, unarudi, wa pili naye anautoa nje. Ndani ya saa nzima yupo mtoto aliyeugusa mara tatu. Wiki ijayo haji, na ukimuuliza atakwambia voliboli ni ngumu.

Nami nilianza hivyohivyo. Niliwafungia watoto wa darasa la tano wavu kwa kimo cha wanaume wazima, mita 2.43. Siku ya kwanza walikuja 40, mwezi haujaisha wakabaki 9, wote warefu. Wale walioondoka niliwakuta pembeni ya uwanja wanacheza rede, wanakwepa na kudaka kwa wepesi wa ajabu. Watoto wangu walikuwa na mikono na macho ya voliboli tangu mwanzo. Nilichowanyima ni uwanja wa saizi yao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibali cha mwalimu mkuu, na barua kwa wazazi inayotaja siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.
- Mwalimu wa pili wa kukaa uwanjani nawe. Kama wapo wasichana, mmoja wenu awe mwanamke. Usifanye mazoezi peke yako na mtoto mmoja, na usimpe mtu wa nje kikundi kwa sababu tu anajua kucheza.
- Mpira mmoja kwa kila watoto wanne hadi sita. Mpira rasmi una uzito wa gramu 260 hadi 280, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni adhabu. Tafuta myepesi. Kariakoo utapata ya mpira laini na ya plastiki ya kuchezea, nayo inafaa kabisa kwa miezi ya kwanza.
- Kamba ya manila isiyopungua mita 25 (ukitumia nguzo za netiboli, izidi mita 31), pamoja na vipande vya kanga kuukuu vya kuning'iniza juu yake ili watoto waione vizuri. Ukitaka wavu, waulize wavuvi wa Feri au Kunduchi kama wana nyavu zilizochakaa.
- Nguzo. Nitazieleza kwenye hatua ya tatu.
- Chokaa au majivu ya kuchorea mistari.
- Filimbi, pampu na sindano zake angalau tatu, maana hukatika.
- Maji ya kunywa, bandeji, na mahali pa karibu pa kupata barafu.

Jezi, viatu maalumu na wavu wa dukani vinaweza kusubiri. Shule nyingi husimama hapo, zikingoja mfadhili wa jezi huku kiwanja kipo kitupu.

Hatua ya 1: Chagua msimu na madarasa

Anza Julai. Mashindano ya UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi Tanzania, kwa kawaida huchezwa katikati ya mwaka, kwa hiyo mchujo wa shule na kata huangukia masika, Machi hadi Mei, wakati viwanja vya Mbagala, Jangwani na Tandale vimejaa maji. Mwalimu anayeanza Februari anapata wiki chache tu, kisha mvua inamfungia. Ukianza Julai una kiangazi chote mbele yako hadi vuli ifike, na masika yanapokuja watoto wanajua tayari kupokea mpira.

Kuhusu madarasa, usiijenge timu juu ya darasa la saba. Wana mtihani Septemba, kisha wanaondoka. Darasa la nne nao wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, hivyo utanyang'anywa katikati ya safari. Mimi huweka uzito darasa la tatu na la tano. Hao unakaa nao.

Hatua ya 2: Panga saa

Mara mbili kwa wiki, dakika 60, inatosha. Kama shule ina zamu mbili, gawa vikundi viwili kwa zamu zao, usimrudishe mtoto wa asubuhi shuleni jioni. Alasiri inayofaa ni saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu. Kabla ya hapo jua ni kali, na baada ya hapo unagombana na giza na daladala ambazo makondakta hawapendi kubeba wanafunzi. Waulize wazazi siku za madrasa na za tuisheni kabla hujatangaza ratiba, vinginevyo utapoteza nusu ya watoto bila kujua sababu.

Hatua ya 3: Tengeneza uwanja

Uwanja rasmi una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na wavu hukatiza katikati kwa ule upana. Wewe fanya kinyume: pitisha kamba katikati kwa urefu wa mita 18. Chini ya kamba hiyo gawa vipande vinne vya mita 4.5. Sasa una viwanja vinne, kila kimoja kikiwa na mita 4.5 upande huu na mita 4.5 upande ule. Weka watatu kwa watatu. Eneo lilelile lililobeba watoto 12 linachezesha 24 kwa pamoja, na watatu wakiwa upande mmoja hakuna pa kujificha.

Kama ardhi inakuruhusu, elekeza kamba mashariki–magharibi. Hapo watoto watatazamana kaskazini na kusini, na jua la alasiri halitampiga mtu usoni.

Nguzo zipatikane kwa njia mojawapo kati ya hizi:

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni tairi bovu la gari. Lilaze chini juu ya karatasi ya nailoni, simamisha bomba la chuma la mita 2.5 katikati, jaza zege. Limwagie maji kila siku kwa wiki nzima kabla ya kulitumia. Mkimaliza mazoezi watu wazima wawili wanaliinamisha na kuliviringisha hadi stoo. Watoto wasiliguse. Hata likiwa zito, kamba ikikazwa italivuta ndani, kwa hiyo funga kamba ya pili kutoka kichwani mwa nguzo hadi kwenye kigingi kilichopigwa ardhini upande wa nje.

Ya pili ni kutumia nguzo za netiboli, ambazo karibu kila shule inazo. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kutoka nguzo hadi nguzo, kwa hiyo kamba italegea katikati. Iegemeze kwa mirunda miwili au mitatu. Zungumza kwanza na mwalimu wa netiboli mgawane siku. Nimeona miradi ikifa kwa ugomvi wa uwanja, wala haikukosa mipira.

*Angalizo:* Tikisa kila nguzo kabla watoto hawajaingia. Nguzo iliyooza chini au goli lililolegea halifungwi kamba. Usifunge kamba kwenye nguzo ya umeme wala kwenye waya wake wa kushikilia, hata kwa dakika tano.

Kimo cha kamba: mita 1.80 kwa darasa la tatu na la nne, mita 2.00 kwa la tano na la sita, mita 2.10 kwa la saba. Kama huna futi kamba, simamisha mtoto wa kimo cha wastani, anyooshe mkono juu. Kamba ikae juu ya ncha za vidole vyake kwa shubiri moja, isizidi.

Mwisho, tembea uwanja mzima ukiokota vioo, mbigili na visoda. Wengi watacheza pekupeku.

Hatua ya 4: Wiki tatu za kudaka na kurusha

Hapa ndipo walimu wengi hukosa uvumilivu. Wanataka siku ya kwanza mtoto apige pasi. Mpira unaruka ovyo, wenzake wanacheka, naye anaanza kuuogopa.

Anza na mchezo ambao kila mtoto anauweza. Watatu kwa watatu, mpira unarushwa juu ya kamba kwa mikono miwili, upande wa pili unaudaka. Ukianguka ndani ni pointi. Aliyedaka haruhusiwi kutembea nao: aurushe kutoka hapohapo au ampe mwenzake. Basi. Ndani ya mchezo huo mtoto anajifunza kusoma mahali mpira utakapoangukia, kukimbilia pale na kusimama kabla haujafika, na kuita "Wangu!" Hayo matatu ndiyo nusu ya voliboli, na hayahitaji mwalimu aliyewahi kuwa mchezaji. Anayejua kuhesabu pointi na kupiga filimbi anaweza kuyaendesha.

Anza kila siku kwa rede ya dakika nane kwa mpira laini. Inapasha mwili moto, na watoto wanaijua, huhitaji kueleza.

Kuita "Wangu!" kusisitize tangu siku ya kwanza. Watoto wetu wamefunzwa adabu ya kumpisha mwenzake, basi mpira unaanguka katikati ya wawili wanaotazamana. Uwanjani, waambie, adabu ni kuita.

Hatua ya 5: Pasi ya vidole

Nafundisha hii kabla ya pasi ya mikono ya chini, kwa sababu inazaliwa moja kwa moja kutoka kwenye kudaka. Mwambie mtoto adake mpira juu ya paji la uso, vidole vimetanuka, kama anavyoshika ndoo ya maji kichwani. Abaki hivyo ahesabu mbili, kisha ausukume. Halafu ahesabu moja. Halafu audake na kuuachia papo hapo. Siku ya nne au ya tano hutaona tena kudaka, utaona pasi.

*Makosa ya kawaida:* kuupigia mbele ya kifua, kuupiga kwa viganja badala ya vidole, na kunyoosha mikono huku miguu imekufa. La kwanza ndilo linaloteguza vidole. Mwambie apite chini ya mpira, kiasi kwamba akiuacha utamdondokea kwenye paji la uso.

Hatua ya 6: Pasi ya mikono ya chini

Mikono imenyooka, viwiko havikunjwi, vidole gumba viko sambamba na vinaelekea chini. Mpira unatua juu kidogo ya vifundo vya mikono, kwenye nyama, si kwenye ngumi. Magoti yamekunjwa kama mtu anayeketi kwenye kigoda.

Mrushie mpira taratibu kutoka mita tatu. Mwenzake aurushe, yeye aurudishe, mara kumi, wabadilishane. Usimrushie kwa nguvu ili "azoee". Atazoea kufumba macho.

Unaporekebisha mkao, onyesha kwa mwili wako mwenyewe. Ukilazimika kumshika mkono, mwombe kwanza, mbele ya wenzake.

Hatua ya 7: Kusevu

Kutoka chini tu, kwa mwaka wote wa kwanza. Mkono mmoja umeshika mpira usawa wa kiuno, mwingine unatoka nyuma na kuupiga kwa kisigino cha kiganja. Mpira haurushwi juu. Mguu wa mbele ni ule ulio kinyume na mkono unaopiga.

Asimame mita tatu au nne kutoka kwenye kamba. Akivusha mara saba kati ya kumi, anarudi nyuma hatua moja. Kila mtoto ana mstari wake mwenyewe, usiwapange wote mahali pamoja.

Hatua ya 8: Ondoa kudaka kidogo kidogo

Sasa badilisha sheria za ule mchezo wa watatu, moja baada ya nyingine. Mpira wa kwanza unapokelewa kwa pasi ya chini, wa pili unaruhusiwa kudakwa na kurushwa juu, wa tatu unavushwa kwa vidole. Wakizoea, ule wa pili nao hawaudaki. Ukiona mchezo umevunjika, mpira haurudi hata mara mbili, rudisha sheria ya jana. Hakuna aibu katika hilo, na watoto hawalioni kama kurudi nyuma ilimradi wanacheza.

Mzunguko wa nafasi kwa mwelekeo wa saa waingize hapa. Kwa watatu wanauelewa siku moja.

Smashi, yaani kuruka na kuupiga mpira chini kwa nguvu, watakuomba tangu siku ya kwanza. Wape dakika kumi mwisho wa wiki, kwenye mchanga au udongo laini, kamwe si kwenye sakafu ya saruji. Kuruka mara nyingi juu ya saruji kunaumiza magoti na visigino vya mtoto anayekua.

Hatua ya 9: Bonanza, kisha timu ya shule

Baada ya miezi mitatu alika shule mbili za jirani Jumamosi asubuhi. Chagua shule zilizo upande wenu wa barabara. Kuvusha watoto 40 Barabara ya Mandela au ya Kilwa ni kazi inayohitaji watu wazima wengi, na hakuna mchezo unaostahili hatari hiyo. Mechi ziwe za dakika nane kwa filimbi, viwanja vyote vinne kwa pamoja, na asitolewe mtu. Kila mtoto aliyekuja acheze.

Uwanja mkubwa wa sita kwa sita uingieni wiki sita hivi kabla ya mchujo wa kata, na wale tu wanaokwenda kushindana. Wengine waendelee na viwanja vidogo, maana wao ndio timu ya mwakani. Wapelekeni wote, mkiweza, kutazama mechi za wakubwa. Timu za majeshi kama Magereza na JKT zina voliboli, na afisa michezo wa manispaa yako anaweza kukwambia wanacheza lini na wapi.

Mambo yakienda kombo

*Mikono inakuwa myekundu na mtoto analia.* Mpira umejazwa sana. Upunguze upepo hadi kidole gumba kikibonyeza kinaingia kidogo. Kama bado, anaupokea kwenye vifundo, mshushie mikono.

*Mpira unaruka nyuma ya kichwa chake.* Anazungusha mikono. Mwambie mikono isipite usawa wa mabega, magoti ndiyo yainuke.

*Kidole kimeteguka.* Usikivute. Hii tabia ya kukivuta "kirudi" huongeza madhara. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, kifunge pamoja na kidole cha jirani, na kama kimepinda au hakikunjiki apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, mzazi akijulishwa.

*Mtoto mmoja mkubwa anacheza peke yake.* Weka sheria kwamba timu inapata pointi mbili kama wote watatu wameugusa mpira kabla ya kuvuka. Atatoa pasi mwenyewe.

*Wasichana wanapungua.* Waulize, kupitia mwalimu wa kike. Mara nyingi nimekuta ni mavazi: sketi bila bukta ndani, au hofu ya hijabu kufunguka. Ruhusu suruali ndefu na hijabu iliyobanwa vizuri bila pini. Sababu nyingine ni wavulana waliojipanga kutazama. Waondoe uwanjani.

*Upepo wa kusi unahamisha mipira myepesi.* Kigamboni na Kunduchi hili ni la kila siku. Siku hiyo tumia mipira mizito kidogo, fupisha umbali wa kusevu, na badilishaneni pande kila baada ya pointi tano.

*Mzazi anasema voliboli inashusha masomo.* Usibishane naye. Mwombe aje siku moja atazame, na umwonyeshe daftari la mahudhurio unaloweka. Nami huweka sharti kwamba aliyetoroka kipindi asubuhi hachezi alasiri. Wazazi wakilisikia hilo hutulia.

*Sindano imekatikia ndani ya mpira.* Iloweshe sindano kila mara kabla ya kuiingiza, na iingie wima. Kavu ndiyo inayokatika na kurarua vali.

*Mvua imekuja.* Ingieni darasani, sogezeni madawati ukutani, wote wakae sakafuni. Funga kamba kati ya madirisha mawili, mita moja hivi kutoka chini, mcheze kwa puto badala ya mpira, watatu kwa watatu, makalio yasinyanyuke sakafuni wakati wa kugusa. Voliboli ya kukaa ni mchezo kamili wa Paralimpiki, wenye uwanja wa mita 10 kwa 6, na mtoto mwenye ulemavu wa miguu anaingia humo akiwa mchezaji sawa na mwingine. Katika kikundi kimoja nilichofundisha, aliyekuwa akituhesabia pointi nje ndiye aliyekuwa mgumu kufungwa kuliko wote tulipoketi chini, na tangu hapo hatukusubiri mvua. Kila mazoezi ya pili yana dakika 15 za kukaa. Beba maputo matano, maana mawili yatapasuka.